Kichanga na baridi ya stesheni

Stesheni ya Zaragoza-Delicias, Hispania, ilifunguliwa mwaka 2003 kwa ajili ya treni za mwendokasi. Mwaka 2007 mabasi nayo yakahamia humo. Kwa mzazi ni nafuu kubwa: unashuka treni ya Madrid na kupanda basi bila kutoka nje na mtoto.

Shida ni baridi. Ukumbi ni mkubwa mno, paa liko juu sana, na mji wenyewe hupigwa na upepo mkali uitwao cierzo. Wasafiri wamelalamika kwa miaka. Aliyechora jengo, nadhani, hakuwa na kichanga mgongoni.

Mtu mzima atavumilia, lakini kichanga hupoteza joto haraka. Usimpime kwa viganja, ambavyo huweza kuwa vya baridi hata akiwa mzima. Mguse kifua au shingo kwa nyuma. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu na kofia, badala ya koti moja zito. Ndani ya basi lenye joto, mpunguzie. Akilegea, akakataa kunyonya na kifua kikawa cha baridi, mkumbatie ngozi kwa ngozi, mfunike, na upige 112, namba ya dharura ya huko.