Vuli Yetu Si Yao

Malenga wenzangu, nina ugomvi nanyi, na heri niutoe hadharani kuliko kuwasengenya pembeni. Mnaiua vuli.

Kila mwaka nasoma beti zinazoililia: majani yapukutika, maua yanyauka, vipepeo wamekwenda zao, mpenzi naye kaondoka. Vuli ya wapi hii? Ni ya Ulaya, ambako kuanzia Septemba miti hujivua majani ikingoja baridi. Wafasiri walikosa neno, wakaazima letu. Nanyi mkaipokea maana ya mkopo, mkaitupa ya kwenu.

Nendeni Kiwangwa, kwenye barabara ya Bagamoyo kuelekea Msata, mvua za Oktoba hadi Desemba zikishanyesha. Kandokando ya mashamba ya mananasi kishonanguo kimechanua, petali nyeupe na moyo wa manjano. Mchunga umeinua vichwa vyake, mgagani umeota palipolimwa. Juu yake hutua kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ambaye wanasayansi humwita Danaus chrysippus, akifyonza mbochi. Alipokuwa kiwavi alikula mimea yenye utomvu wa sumu, na sumu hiyo ndiyo ngao yake dhidi ya ndege. Hapo pana sitiari ambayo hakuna aliyeigusa, kwa kuwa nyote mmeshikilia waridi na asumini, na mengine yote mnayaita magugu.

Watasema wapo: mshairi ana uhuru wake, na neno hukua. Kweli, neno hukua kwa kuongezewa maana, si kwa kupinduliwa. Mzazi akisema, "Mahindi haya tutayapanda vuli," mtoto aliyelelewa kwa beti zenu ataelewa nini? Kwamba mbegu hutiwa ardhini majani yanapokufa? Neno lililombeba mkulima tangu enzi za mababu litakuwa limemtupa mwanawe.

Mkitaka kuisimulia huzuni ya Ulaya, semeni mapukutiko. Neno lipo, na vina vyake havina ugumu. Vuli tuachieni, kwani kwetu ni mwanzo, si mwisho.

Mwacha asili ni mtumwa. Atakayetaka kuitungia vuli tena, kwanza akatembee shambani. Akirudi na mbegu za kishonanguo zimemganda nguoni, hapo nitausoma ubeti wake.