Risasi Ifaayo kwa Nguruwe Mwitu

Kwa wakulima wa mahindi, mihogo na viazi



Nguruwe mwitu huja usiku, mara nyingi kwa kundi, na asubuhi mwenye shamba hukuta mabua yamelazwa na mihogo imefukuliwa. Hasira yake ni ya haki. Lakini mtu mwenye hasira hutia bundukini chochote alicho nacho, na hapo ndipo hasara ya pili huanza. Maoni yetu ni haya: asiye na risasi ifaayo, asipige.

Yafaa kwanza kumjua mnyama mwenyewe. Dume aliyekomaa aweza kupita kilo 100. Ngozi yake ni nene, na mifupa ya mabega ni migumu. Moyo na mapafu hukaa nyuma ya mifupa hiyo, sehemu ya chini ya kifua. Risasi isiyofika hapo haiui upesi, hujeruhi tu.

Sasa tazama vitu vinavyotiwa bundukini:

1. Marisaa ya ndege. Watu huyapenda kwa kuwa ni rahisi kununua. Lakini mara nyingi punje moja haifiki upana wa milimita 3. Huingia ngozini na kukoma. Mnyama hukimbilia kichakani na vidonda vyake, na alfajiri hukutana na mama aendaye kuteka maji. Nguruwe aliyejeruhiwa hugeuka kumrukia mtu, na meno yake hukata kama kisu. Je, gunia la mahindi lalingana na mguu wa jirani?

2. Misumari na vipande vya chuma katika gobori. Huruka ovyo, tena mtutu waweza kupasuka usoni pa mpigaji. Jambo hili liachwe kabisa.

3. Marisaa makubwa, ya upana wa milimita 8 hivi. Haya hufaa kwa karibu, yaani hatua 25 au pungufu. Zaidi ya hapo hutawanyika, na punje moja moja haitoshi.

4. Risasi moja nzito ya bunduki ya namba 12, yenye gramu 28 hivi. Hii ndiyo tunayoisifu. Hupenya bega hata kufika moyoni, ikiwa mpigaji yu karibu na anaiona shabaha yake vizuri.

Wengine huuliza habari za bastola, kwa kuwa huko Marekani wako watu wanaowinda nguruwe kwa silaha hiyo. Ni kweli, lakini hutumia bastola kubwa, kama ile ya.44 Magnum iliyotokea mwaka 1955, ambayo risasi yake ya kawaida ina gramu 15 hivi, karibu mara mbili ya risasi ya bastola ya milimita 9. Tena wengi wao huchagua risasi ya risasi ngumu yenye ncha bapa, kwa sababu risasi ya bastola haina mwendo wa ile ya bunduki ndefu. Ikichanua mapema, hukwama begani. Basi bastola ya kujilindia nyumbani si silaha ya shambani.

Sheria nayo ikumbukwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kuwinda bila kibali. Kwa hiyo mpelekee habari afisa wa wanyamapori kabla ya kuitoa bunduki ukutani. Mara nyingi yeye ndiye mwenye silaha ifaayo.

Mwisho, angalia mzoga. Nguruwe mwitu aweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonekana mgonjwa. Homa hiyo, iliyoelezwa na wataalamu nchini Kenya mwaka 1921, haimpati mtu, lakini yaweza kumaliza zizi zima. Usiwape nguruwe wako nyama wala mabaki yake, yafukie.

Kupiga mara moja kwa risasi nzito, kwa karibu, kwa idhini: hiyo ndiyo kazi ya mkulima mwenye akili. Akikosa moja katika hayo matatu, heri alinde shamba kwa moto, ngoma na ua imara.