Wanunuzi wa bagi waulize zaidi ya bei

Mhariri,

Nawaasa ndugu zangu wanaotaka kununua bagi, yale magari ya wazi yenye viti sambamba, ambayo huku kaskazini Unguja hukodishwa kwa watalii.

Mnunuzi huuliza bei, mbio na spea. Si vibaya, lakini hayatoshi. Swali la kwanza liwe: gari hili limetengenezewa wapi pa kupita? Watengenezaji wenyewe huandika kuwa ni la mchangani na porini, si la lami. Limeinuka, na mipira yake ina upepo mdogo na meno makubwa. Likikatishwa kona kwa ghafla juu ya lami huweza kupinduka. La pili: nani apande? Watengenezaji hutaka dereva awe ametimiza miaka 16 na ana leseni, abiria miguu yake ifike sakafuni, na wote wafunge mikanda na kuvaa helmeti.

Haya si mzaha. Mwaka 2009 huko Marekani, kampuni ya Yamaha ilisimamisha uuzaji wa gari lake la namna hiyo, Rhino, ili lirekebishwe, baada ya ajali zilizoua watu 46.

Njia zetu za Matemwe hupitwa na watoto wa skuli na kinamama wa mwani. Naiomba Serikali iwatake wakodishaji wamfundishe mgeni kabla ya kumpa ufunguo. Biashara tunaitaka, lakini isitugharimu roho za watoto wetu.

Mwalimu,
Matemwe, Unguja.