Krismasi ya pamba na mchango wa 25,000

Jamani, nimekaa kimya hapa wiki mbili na wengine mmeanza kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa na hasira tu, na mama yangu alinifunza kuwa mwenye hasira asishike kalamu. Leo hasira imepungua. Kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu ana binti wa darasa la tatu katika skuli moja ya binafsi hapa Mjini (jina naliweka kapuni). Mwanzo wa Disemba ikaja karatasi nyumbani: sherehe ya Krismasi na kufunga muhula, mchango shilingi 25,000 kwa kila mtoto, nguo nyekundu au nyeupe, na ripoti za mwaka zitatolewa siku hiyo hiyo "kwa waliokamilisha". Hebu lisome tena neno hilo. Waliokamilisha.

Dada yuko kazini, nikaenda mimi. Ukumbi umejaa, feni mbili, moja mbovu. Kwenye kona mti wa plastiki umetandazwa pamba, ile ile ya hospitali ya kusafishia vidonda, eti theluji. Baba Krismasi ni dereva wa basi la skuli, maskini, kavishwa koti zito jekundu na ndevu za pamba. Kaskazi imekataa kuvuma siku hiyo, jasho linamtiririka mpaka ndevu zimeshuka kifuani. Watoto wakaimba wimbo wa farasi anayekokota kigari kwenye theluji. Farasi! Hawa watoto wanaojua gari la ng'ombe likipita na mchanga au kuni! Nilicheka, nakiri, na nilipiga picha.

Kicheko kiliisha pale mpwa wangu aliponivuta mkono kuniambia rafiki yake hakuja. Kwa nini? "Hajakamilisha," akanijibu, kama vile anavyosema fulani anaumwa. Ana miaka minane, na neno la mhasibu limeshamkaa mdomoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Huyo rafiki asiyekuja ndiye Mkristo peke yake katika darasa lile. Baba yake ni mpishi wa hoteli upande wa mashariki ya kisiwa, katoka bara miaka mingi. Masika hoteli ikipunguza watu hukaa nyumbani bila mshahara, na Disemba ikifika haruhusiwi hata siku moja, maana ndio msimu. Yeye atapika chakula cha Krismasi cha wageni, na familia yake itamuona Januari. Watoto wake wawili wako skuli hiyo hiyo, kwa hiyo mchango ni 50,000. Hakuwa nazo. Basi ikafanywa sherehe ya Krismasi, wakala keki watoto wa Kiislamu darasa zima, na yule mmoja ambaye Krismasi ni yake kabakia kwao anaangalia ukuta.

Niliposimulia haya barazani nikadhani tutakasirika pamoja. Wapi! Nusu ya baraza likaenda upande mwengine kabisa: kwani watoto wetu walikwenda kufanya nini kwenye Krismasi? Grupu la WhatsApp la wazazi nalo likawaka moto. Mmoja akaandika kuwa Krismasi imeletwa juzi na watalii na haina mizizi hapa.

Juzi? Ndugu yangu, toka Darajani, ingia Mkunazini, ni mwendo wa dakika chache tu. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini Juni 1873, zama za Sayyid Barghash. Tarehe 25 Disemba mwaka huo huo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale palipokuwa soko. Ibada ya kwanza ikasaliwa humo Krismasi ya 1877, jengo lenyewe halijakamilika. Sehemu ya kiwanja aliitoa Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Na saa ya mnarani, wazee husimulia, ni zawadi ya Sayyid Barghash mwenyewe, kwa sharti kuwa mnara usiipite Beit al-Ajaib kwa urefu. (Beit al-Ajaib yenyewe ikaja kuporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa ndani, na watu wawili wakafariki. Tarehe hii ina mambo yake katika mji huu.) Askofu Steere aliyesimamia ujenzi alikuwa ameshachapisha hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870, na aliendesha ibada kwa Kiswahili. Waliojaza viti na madawati ya misheni ni watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakalelewa Kiungani na Mbweni. Hiyo ndiyo Krismasi ya Unguja. Ina karibu miaka 150 na haijawahi kuhitaji pamba.

Hakuna anayemlazimisha mtoto wako asali kanisani. Mtoto wa chuoni anamjua Nabii Issa bin Maryam kabla hajajua kuandika jina lake sawasawa, na hatapoteza imani kwa kumuona mwenzake akifurahi. Mbona Idd el Fitr Wakristo wa mitaani kwetu wanavaa vizuri na kushuka Mnazi Mmoja na watoto wao, na sahani ya biriani inakwenda mpaka kwa jirani anayetoka Songea? Hatukuwahi kuiona sahani hiyo kuwa mtego. Na kalenda yetu haitupi nafasi ya kukimbiana: mwaka 2000 Idd el Fitr iliangukia wiki ya Krismasi, mwaka 2015 tulisherehekea Maulidi tarehe 24 Disemba na wenzetu wakafuatia kesho yake, na mwishoni mwa 2030 Ramadhani itaingia Krismasi ikiwa mlangoni. Mtafanyaje, mtagawana barabara?

Msiniambie ni maneno tu ya mtandaoni. Tulishaona maneno yanakofika. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali. Tarehe 25 Disemba 2012, siku ya Krismasi, Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi hapa Unguja, akanusurika. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi Mtoni, Jumapili asubuhi, akienda kuongoza misa. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka ule leo ni watu wazima.

Haya, niwaache hao. Nikugeukie wewe mwenye skuli, maana wewe ndiye uliyeninyima usingizi.

Wewe hukuwafanyia watoto Krismasi, umewauzia. Ungetaka kuwafundisha sikukuu ya wenzao ungemsimamisha yule binti wa mpishi mbele ya darasa aeleze kwao hufanya nini usiku ule, nani anapika, wanaimba nini. Darasa zima lingekaa kimya kumsikiliza. Ungekata tawi la mvinje, na mivinje imejaa pwani zetu, ukalipamba kwa karatasi walizokata watoto. Ungewapa mandazi, juisi ya ukwaju na shokishoki, kwa kuwa Disemba shokishoki ziko msimu na bei yake inasemeka. Hapo 25,000 inatoka wapi? Nimeuliza, nikaambiwa ukumbi, mapambo, zawadi. Zawadi aliyopata mpwa wangu ni penseli moja na kifutio chenye umbo la mtu wa theluji. Kifutio kimevunjika siku hiyo hiyo.

Lakini hata hilo ningekusamehe. Tungesema biashara ni biashara, tukaenda zetu. Nisilokusamehe ni ripoti. Ripoti si zawadi ya sherehe. Mtoto ameamka alfajiri tangu Januari, amefanya mitihani, wazazi wamelipa ada kwa taabu, muhula baada ya muhula. Unapataje kuishika karatasi ya alama zake kama rehani ya keki? Kila tarehe 23 Septemba nchi hii inaadhimisha siku ya 1964 elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo, na skuli za binafsi nazo hupeleka watoto wao kwenye gwaride na mabango. Najua utasema tangazo lile halikuhusu skuli yako. Sawa. Ada nimekubali. Ila ada ilishalipwa, bwana, na risiti mnayo nyinyi.

Wazazi watatu, mmoja wao ndiye yule aliyeandika kuwa Krismasi haina mizizi hapa (ndiyo, yeye, na nimempa mkono), tulichanga 50,000 siku ya pili tukaenda ofisini kuwakombolea wale watoto ripoti zao. Tukakuta mlinzi peke yake. Ofisi imefungwa, mwalimu mkuu kasafiri, rudini Januari.

Kwa hiyo ripoti ziko ndani ya droo. Mpwa wangu amekuwa wa pili mwaka huu, na kila siku ananiuliza wa kwanza ni nani. Hakuna mtoto aliyekuwepo pale ukumbini aliyesema ni yeye.