Mchoro wa Taarifa Nao ni Matini

Mwalimu wa Kiswahili anaposhauriwa kutumia darasani michoro ya taarifa, yaani ukurasa mmoja unaokusanya takwimu, picha na maneno machache ili kueleza jambo kwa mkupuo, aghalabu hujibu kwamba hiyo ni kazi ya wenzake wa Jiografia na Hisabati. Jibu hili linastaajabisha, maadamu yeye mwenyewe ni mchoraji wa siku nyingi. Sentensi huichanganua kwa matawi, kwa jedwali na kwa mishale. Irabu tano huzipanga kulingana na mwinuko wa ulimi. Ngeli huziweka katika safu. Wapo wanafunzi waliosomewa fasili ya kirai nomino mara kumi wasiambulie kitu, wakaielewa siku matawi yalipochorwa ubaoni.

Basi mjadala si kama michoro iingie katika somo la Kiswahili. Imo. Mjadala ni kama mwanafunzi anafunzwa kuisoma kwa jicho la mhakiki, kama anavyofunzwa kusoma shairi.

Chukua mfano wa karibu na Njoro. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 1,603,325 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nakuru. Ile ya 2019 ikahesabu 2,162,202. Ongezeko ni la asilimia 35 hivi. Mwanafunzi akichora mihimili miwili inayoanzia sufuri, wa kwanza utakuwa na sentimita 16 na wa pili karibu 22. Lakini akianzia kwenye 1,500,000, mhimili wa pili utaupita wa kwanza kwa zaidi ya mara sita! Takwimu ni zile zile, wala hakuna neno la uongo lililoandikwa, ila mtazamaji ataondoka akidhani kaunti imefurika. Hali kadhalika, anayetaka kuonyesha kwamba maziwa yameongezeka maradufu, akamchora ng'ombe wa pili kwa urefu na upana maradufu, amechora ng'ombe aliyejaza nafasi mara nne. Huu ni utiaji chumvi, na tamathali za usemi ni milki ya mwalimu wa lugha.

Lipo pia suala la kitenzi. Mto Njoro hutoka Mau ya Mashariki, ukapita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, ukamwaga maji yake katika Ziwa Nakuru. Mwanafunzi aliyeagizwa kuchora habari za mto huo atamweka ng'ombe kando ya maji na kuunganisha viwili hivyo kwa mshale. Je, mshale unasema nini? Kwamba mto humnywesha ng'ombe, au kwamba ng'ombe huuchafua mto? Ni lazima aandike kitenzi, na akiandike kwa upatanisho sahihi. Zoezi la namna hii, likifuatwa na aya ya maneno themanini inayoufasiri mchoro huo kwa nathari, ni ufupisho halisi. Tena huenda likafaa kuliko ule wa kunakili sentensi za mwandishi kwa kuzipunguza vivumishi.

Wanaopinga wanayo hoja moja nzito. Michoro ya wahusika na sifa zao imewafanya baadhi ya wanafunzi kukariri visanduku na kuiacha riwaya kabatini. Kweli kabisa, na riwaya isichorwe kabla haijasomwa. Hoja ya ukosefu wa umeme na tarakilishi, kwa upande mwingine, haina uzito: karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito zinatosha, hata chaki.

Hasara ya kulipuuza jambo hili ilionekana mwaka 2020, janga la korona lilipoingia nchini. Grafu za maambukizi zilitawala runinga na simu, nyingi zikiwa kwa Kiingereza, na katika nyumba nyingi mtoto ndiye aliyetarajiwa kumfasiria mzazi. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, ilhali mhitimu wa sekondari anaweza kushindwa kusema kwa Kiswahili kwamba mstari umepanda kwa kasi kisha ukatulia. Si kwamba istilahi hazipo. Tanzania, ambako Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, watoto huzungumza juu ya mihimili, wastani na asilimia bila kusitasita.

Wanaotoka Egerton kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha hawahitaji kungoja mtaala ubadilishwe. Kipindi kimoja cha dakika arubaini chatosha kuchora ile mihimili miwili ya sensa kwa njia zote mbili, kisha darasa liulizwe ni ipi iliyodanganya, na ilidanganya vipi.