Shahada ya Juu ya Kemia Huanzia Darasa la Tano

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikwenda Kabasa, wilayani Bunda, kumkagua mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akifundisha sayansi katika darasa la tano. Somo lilihusu hifadhi ya vyakula. Mwalimu huyo alikuwa amejiandaa vyema. Andalio la somo lilikuwa safi, zana zilikuwapo mezani, na ubao ulikuwa umegawanywa kama tunavyoelekeza chuoni. Alipokuwa akieleza kwamba mihogo hukaushwa juani ili isioze, msichana mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona bibi haianiki siku hiyohiyo? Huilundika kwanza, akaifunika kwa majani siku kadhaa mpaka iote ukungu, ndipo huianika. Kwa nini?"

Darasa lilinyamaza. Mwalimu alilitazama andalio lake, akanitazama mimi niliyekuwa nimeketi nyuma, kisha akajibu: "Hilo ni swali la watu wa chuo kikuu. Sisi tuendelee na somo." Msichana akaketi, asiulize neno tena mpaka kipindi kikaisha.

Nilimpa mwalimu huyo alama nzuri, kwa maana karatasi yangu ya ukaguzi haikuwa na mahali pa kuandika kwamba swali limezimwa. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipotambua kwamba jibu lake lilikuwa na nusu ya ukweli. Lile kweli lilikuwa swali la chuo kikuu, na wapo watu waliopata shahada za udaktari kwa kulichunguza swali la namna hiyohiyo. Kosa lilikuwa katika ile nusu ya pili: "Sisi tuendelee." Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi hana haki ya kusema hivyo.

Maafa yaliyotokea jirani

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika Wilaya ya Tarime, mkoani kwetu Mara, walianza kupooza miguu. Mtu aliyelala akiwa mzima aliweza kuamka asiweze kutembea. Miguu yote miwili hukakamaa, na ulemavu huo ni wa kudumu. Waathirika wengi wa ugonjwa huu huwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli alikuwa ameuandika mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango nchini humo, lakini kwa miaka mingi sababu yake haikujulikana. Uchunguzi uliofanywa Tarime ulionyesha kwamba wakati wa ukame watu walikuwa wamekula kwa wingi mihogo michungu isiyotayarishwa kwa ukamilifu, huku vyakula vyenye protini vikiwa haba. Njaa ilikuwa imefupisha siku za matayarisho.

Kwa hiyo yule msichana wa Kabasa, bila kujua, alikuwa ameuliza jambo ambalo katika mkoa wake mwenyewe limewahi kutenganisha mtoto anayekimbia na mtoto anayetembelea fimbo.

Jibu lililokuwa likimngoja

Sasa na tulitazame swali lenyewe. Ndani ya mzizi wa muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini. Hiki ni sukari iliyofungamana na sehemu yenye sayanaidi, ambayo ni sumu. Ndani ya mzizi huohuo kuna kimeng'enya kiitwacho linamaresi. Kimeng'enya ni kitu cha asili ya protini ambacho huharakisha mabadiliko ya kikemia katika kiumbe hai. Muhogo unapokuwa mzima, vitu hivi viwili hukaa mbalimbali: linamarini imo ndani ya seli, na kimeng'enya kimo katika kuta za seli. Havikutani mpaka seli zivunjwe.

Bibi anapoilundika mihogo iliyomenywa na kuifunika, ukungu huota na mizizi hulainika. Seli hupasuka, kimeng'enya hukutana na linamarini na kuivunja. Mwishowe hutoka gesi ya haidrojeni sayanaidi. Gesi hii huchemka katika joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hutoroka kwa urahisi hewani, hasa muhogo unapoanikwa. Huu ndio udaga tunaoufahamu kandokando ya Ziwa Viktoria.

Mihogo michungu ikikatwa vipande na kuanikwa mara moja bila kulundikwa, maji hukauka upesi, kimeng'enya hakipati nafasi ya kufanya kazi, na sehemu kubwa ya linamarini hubaki ndani ya makopa, hata unga wake ukiwa mweupe wa kupendeza. Ndiyo maana bibi hakuianika mihogo yake siku ileile.

Mwili nao una kinga yake. Sayanaidi kidogo inayoingia hugeuzwa kuwa thayosayanati na kutoka katika mkojo. Lakini kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hiyo hupatikana katika protini, kama ile ya dagaa, nyama na mayai. Mtu anayekula muhogo mchungu mtupu kila siku huongeza sumu na wakati huohuo hupungukiwa na kinga.

Haya yote ni biokemia, yaani kemia ya viumbe hai. Hata hivyo hakuna neno hapa ambalo mtoto wa darasa la tano hawezi kulielewa akielezwa taratibu kwa Kiswahili, lugha anayoifikiria.

Mtu aliyelifuata swali mpaka mwisho

Miongoni mwa Watanzania waliolifanyia kazi swali hili ni Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Yeye na wenzake walichunguza chakula cha watu wa kaskazini mwa Tanzania walioathiriwa na konzo, wakaangalia jinsi mihogo ilivyotayarishwa, na wakapima thayosayanati katika mkojo. Mwaka 1995 alitoa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Uswidi, kuhusu utayarishaji wa mihogo na sayanaidi katika chakula nchini Tanzania.

Ndugu mwanachuo, zingatia jambo hili. Uppsala ni mbali na ziwa letu, tena ni nchi ya theluji isiyolima muhogo. Lakini swali lililopelekwa huko lilitoka jikoni kwetu. Shahada ile ya juu ilithibitisha kwamba njia ndefu ya mababu ilikuwa na sababu, na ikaonyesha pia mahali ambapo njia hiyo hushindwa, yaani pale watu wanapoikatisha kwa sababu ya njaa au haraka.

Mambo haya mawili yana uzito kwa mwalimu. Akiwafundisha watoto kwamba mila za bibi zao ni ujinga mtupu, watoto wataiacha njia ndefu na kushika ya mkato. Akiwafundisha kwamba mila hujitosheleza na hazihitaji kupimwa, hawataona hatari mila hiyo inapokatishwa. Sayansi haimdharau bibi wala haimwabudu. Humwuliza maswali, kisha hupima.

Kazi hiyo haikuishia Uppsala. J. Howard Bradbury, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, aliieneza njia nyepesi: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi itoke, kisha hupikwa siku hiyohiyo. Njia hiyo ilifundishwa kwa akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda nchini Kongo kuanzia mwaka 2010, na katika muda wa mradi hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyepatikana humo. Kemia ya juu ilirudi kijijini ikiwa imebebwa katika beseni.

Hatua za tasnifu ni hatua za somo

Wanachuo wengi huziona shahada za juu kama ngazi ya kumtoa mtu kijijini. Nasi huwaambia watoto, "Soma sana uondoke hapa." Huu ni upotofu. Mimi mwenyewe nina stashahada ya ualimu tu, wala sijaandika tasnifu. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kazi hiyo ni ya namna gani. Baada ya shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3, mwanafunzi wa kemia huweza kuendelea na uzamili wa miaka 2 hivi, kisha udaktari wa miaka 3 au zaidi. Anaweza kufanya hivyo hapahapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na masomo ya sayansi tangu mwaka 1965, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, iliundwa mahsusi kwa shahada za uzamili na udaktari.

Kiini cha masomo hayo ni hatua nne. Kwanza, mwanafunzi huchagua swali moja ambalo bado halijajibiwa. Pili, hutafuta yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Tatu, hupima kwa uangalifu na kuandika alichokiona, si alichotamani kukiona. Nne, husimama mbele ya watahini na kuyatetea majibu yake.

Ni hatua ipi kati ya hizo isiyoweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano? Siku ile Kabasa mwalimu angeweza kuliandika swali la msichana pembeni mwa ubao na kusema: "Jibu silijui leo. Kila mmoja akamwulize bibi au mama yake jinsi anavyotayarisha mihogo, siku ngapi, na kwa nini." Kesho yake darasa lingekuwa na majibu mengi ya kulinganisha. Baadaye vikundi viwili vingeweka muhogo katika vyungu viwili vya maji, kimoja vipande vizima na kingine muhogo uliokunwa, na kuandika kila siku mabadiliko ya harufu, mapovu na ulaini. Mwalimu akumbuke kukataza kabisa kuonja, na kuhakikisha watoto wananawa mikono.

Kimeng'enya nacho kinaweza kuonyeshwa bila maabara. Kila mtoto aletewe tonge la ugali wa mahindi, alitafune muda mrefu bila kulimeza. Polepole ataonja utamu, kwa kuwa kimeng'enya cha mate hugeuza wanga kuwa sukari. Mtoto aliyeuonja utamu huo ameanza biokemia.

Pingamizi

Najua nitaambiwa kwamba madarasa yamejaa, vipindi ni vifupi na mtihani wa taifa haumngojei mtu. Hayo ni kweli, nami siyapuuzi. Lakini kuliandika swali pembeni mwa ubao huchukua nusu dakika, na kusema "silijui, tutalitafuta" hakuhitaji bajeti ya serikali. Kinachotuzuia zaidi ni hofu ya kuonekana hatujui. Mimi pia nilikuwa nayo katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, na sijui ni watoto wangapi niliowaketisha kwa hofu hiyo.

Kila mwanakemia mwenye shahada ya juu aliwahi kuketi kwenye dawati la shule ya msingi. Huko nyuma alikuwapo mwalimu aliyeliacha swali lake liishi. Hatuwezi kuhesabu wale ambao maswali yao yalikufa, kwa sababu hao hawakuandika tasnifu.

Kwa hiyo nawashauri wanachuo mnaokwenda mazoezini mwaka huu, kila mmoja wenu awe na daftari dogo la maswali ya wanafunzi, akiandika na tarehe. Nitakapokuja kukagua nitaliomba daftari hilo kabla ya andalio la somo. Mimi nami nimekwisha kuchora mstari mpya chini ya karatasi yangu ya ukaguzi, unaosomeka: "Swali la mwanafunzi lilipokewaje?"