Sauti Ina Mwenyewe

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa mbele ya televisheni akitazama katuni za zamani za Kimarekani, zile za bibi kizee mwenye miwani anayemlinda ndege wake wa manjano asiliwe na paka. Bibi alipomtwanga paka kwa mwavuli, mtoto alicheka hata akagaagaa chini. Kisha akanigeukia akaniuliza, "Babu, huyu bibi anayesema ni nani?" Nikamjibu kwamba ile ni picha tu. Akaniambia, "Picha haisemi, Babu."

Kwa hakika picha haisemi. Neno la mtoto lilinitia haya, maana mimi ambaye riziki yangu ni maneno nilikuwa nimeisikia sauti ile miaka mingi wala sikuwahi kuuliza mwenyewe ni nani. Basi leo nataka kulipa deni hilo mbele yenu, wasomaji wangu.

Sauti ya bibi yule, tangu mwaka wa 1955, ilikuwa ya mwanamke aitwaye June Foray. Alizaliwa tarehe 18 Septemba 1917 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 12 tayari sauti yake ilikuwa imesikika katika mchezo wa redio, na katika redio ndimo alimokulia. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini kooni mwake mlikuwa na watu wa kila namna: vitoto, vikongwe, wachawi, wanyama. Katika filamu ya Cinderella ya mwaka 1950, paka mkorofi Lucifer ni yeye. Kuanzia mwaka 1959, katika vipindi vya televisheni vya Jay Ward, alikuwa ndiye Rocky, kindi arukaye, na papo hapo ndiye Natasha, jasusi wa kike mwenye lafudhi ya Ulaya ya Mashariki aliyekuwa akimwinda kindi huyo huyo. Mwindaji na mwindwa, wote wametoka katika kinywa kimoja.

Tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Mattel iliuza mwanasesere aitwaye Chatty Cathy, ambaye ukimvuta uzi mgongoni husema. Sauti yake ilikuwa ya Foray. Mwaka wa 1963 kipindi cha The Twilight Zone kikamwita mama huyo huyo aseme kwa kinywa cha mwanasesere mwingine, huyu wa kutisha watu. Sauti iliyobembeleza watoto mchana ikawa ndiyo inayowakosesha wazazi wao usingizi usiku.

Sasa nifikie shina la maneno yangu. Katika filamu fupi za Warner Bros. za miaka ile, mara nyingi mtazamaji alisoma jina moja tu la mwenye sauti, nalo ni Mel Blanc. Mwenyewe Blanc alisimulia namna alivyolipata jambo hilo: aliomba aongezewe mshahara akanyimwa, basi akaomba jina lake liandikwe, akakubaliwa. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa fundi mkubwa, naye alidai haki yake. Lakini wenziwe, akiwemo Bea Benaderet aliyemsemea bibi yule kabla ya Foray, na Foray mwenyewe, walisema katika filamu zizo hizo na mara nyingi majina yao hayakuonekana. Mwongozaji Chuck Jones, aliyewajua wote wawili, alikataa Foray aitwe Mel Blanc wa kike. Alisema kwamba Blanc ndiye Foray wa kiume. Hilo ni neno la haki, lakini neno la haki lililosemwa mazungumzoni si sawa na jina lililoandikwa kwenye kazi.

Hata mwaka wa 1966, katika filamu ya televisheni ya How the Grinch Stole Christmas!, Foray alimsemea kitoto Cindy Lou na asitajwe. Na Thurl Ravenscroft, aliyeimba wimbo mashuhuri wa filamu hiyo, hakutajwa pia, ikawa watu wengi wanadhani mwimbaji ni Boris Karloff, msimulizi.

Wako watakaosema: "Sauti ni kipambo tu, kazi ni ya wachoraji." Kusema hivyo ni kutoijua kazi yenyewe. Aghalabu katika katuni za Marekani sauti hurikodiwa kwanza, na mchoraji huja baadaye, akaisikiliza tena na tena ndipo achore mdomo, jicho na mkono vifuatane nayo, kwa picha 24 katika kila sekunde moja. Kwa hivyo sauti haikuvishwa picha kama kanzu. Sauti ndiyo mifupa, na picha ni nyama iliyoshikana nayo.

Wengine watasema kuwa uzuri wa sanaa ni kujificha, na mtoto akijua kindi yule ni mwanamke mtu mzima, utamu huyeyuka. Hili nalikubali nusu. Na kwetu wapo watakaoongeza kuwa mwanamke kusikika bila kuonekana ni sitara. Nawajibu kwamba sitara ni mtu kujisitiri mwenyewe kwa hiari yake, ama kufichwa na mwajiri ni jambo jingine kabisa. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa sitara, na utenzi wake wa mwaka 1858 alimtungia bintiye, wala hakuutungia watu wa sokoni. Na bado mwishoni mwake ametuachia jina lake, jina la babake na Pate alikozaliwa. Hishima yake haikupungua hata chembe. Lau asingejitaja, leo kila mji ungedai mtunzi ni wa kwao.

Nami jambo hili lilinigusa mwilini. Katika ujana wangu nilisoma sehemu ya mzee katika igizo la redio, na majina yetu waigizaji hayakutajwa. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, yule mzee amesema maneno ya hekima. Ni nani yule?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Amefariki, Mungu amrehemu, na sina hakika kama aliniamini.

June Foray hakukaa kulalama. Alikuwa miongoni mwa walioijenga jumuiya ya watu wa katuni ya ASIFA-Hollywood, na wazo lake ndilo lililozaa tuzo za Annie mwaka wa 1972, ili mafundi wa kazi hii watajwe mbele za watu. Alipigania miaka mingi filamu ndefu za katuni ziwe na tuzo yao ya Oscar, na tuzo hiyo ya kwanza ikatolewa mwaka 2002, ikaenda kwa Shrek. Yeye mwenyewe alipata tuzo ya Emmy mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 94. Alifariki tarehe 26 Julai 2017, ikiwa haijasalia hata miezi miwili kutimiza miaka mia. Nalisifu lile, lakini naliuliza hili: kwa nini fundi angoje miaka 94?

Tusidhani haya ni mambo ya kale. Leo kompyuta yaweza kuiga sauti ya mtu ikasema maneno ambayo mwenyewe hakuyasema kamwe. Mwaka wa 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na moja katika madai yao lilikuwa hilo. Zamani mwenye sauti alinyimwa jina, na sasa aweza kunyimwa hata sauti yenyewe. Rai yangu ni kuwa mlango wa wizi huu ulifunguliwa siku ile tulipozoea kusikia bila kuuliza. Asiyetajwa ni mwepesi kuibiwa, kwa kuwa hakuna ajuaye kuwa kuna aliyeibiwa.

Kwa hivyo nawausia watengenezaji wa vipindi hapa petu na kwingineko waandike majina, nasi wasikilizaji tuyasome. Mjukuu wangu sasa anamjua bibi yake wa mwavuli kwa jina, na kicheko chake hakikupungua.

Tusikiapo sauti, na tuulize mwenyewe,
Jina si kama yakuti, ni haki naye apewe,
Asifichwe katikati, kivulini asitiwe,
Hata yajapo mauti, jina lake lisifiwe.